Uzi: Kifungu cha Sita – Historia ya Sheria za Uchawi na Wazee Wetu wa Pwani

Karani Mstaafu (mwanzisha uzi)

Assalamu alaykum, na amani iwe kwenu nyote, wenyeji wa Mombasa na wageni wake.

Kwa miaka mingi nilifanya kazi ya ukalimani mahakamani, nikiwafasiria mashahidi wa Kigiriama na Kiduruma maneno ya hakimu, na kumfasiria hakimu maneno yao. Katika kazi hiyo yote hakuna neno lililonitoa jasho kama lile ambalo hati ya mashtaka hulitumia kumtaja mshtakiwa wa kosa la uchawi. Kiingereza cha sheria kimeshona "mchawi" na "daktari" vikawa neno moja, *witchdoctor*, na mtu anayejitangaza kuwa ndiye huyo, mwenye uwezo wa kuwatia wenzake hofu au madhara, aweza kufungwa hadi miaka mitano. Nikisimama kati ya kizimba na meza ya hakimu nililazimika kuchagua. Nikisema "mganga", mzee aliyeshtakiwa angeitikia mara moja, kwa kuwa uganga ndio kazi yake na kazi ya baba yake, na kwa kuitikia huko angekuwa amekwisha kukaribia kukiri kosa. Nikisema "mchawi", au kwa lugha yake *mutsai*, angekana kwa kiapo na machozi, maana kwao hakuna tusi linalolipita hilo. Sikuwahi kupata neno la tatu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu ya pili pia, nayo ni ya nyumbani. Nyanya yangu mdogo, dada yake nyanya mzaa mama, alikuja kuishi nasi Kisauni nikiwa kijana, akiwa na kanga mbili na bakuli la bati. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, mwenye shamba la minazi na mikorosho huko bara ya Kilifi. Katika matanga ya kijana mmoja wa ukoo, mpwa wa marehemu mumewe alisimama mbele ya watu akasema kwamba macho mekundu ya bibi yule hayakuwa ya moshi wa kuni. Maneno hayo yalitosha. Siku ya tatu paa lake la makuti liliwashwa moto usiku, naye alinusurika kwa kuwa hakuwa amelala. Kesi haikufunguliwa. Mtu mwenye cheo aliyepelekewa habari alimshauri ahame "kwa usalama wake", naye akahama, na shamba likapata mwenyewe mpya.

Nilipoanza kazi mahakamani niligundua kwamba maneno ya yule mpwa, yaliyosemwa hadharani katika matanga, yalikuwa kosa la jinai tangu mwaka 1925. Sheria ya Uchawi ya Kenya, Sura ya 67, inakataza katika kifungu chake cha sita kumtuhumu mtu kuwa mchawi, na adhabu yake yafika miaka mitano. Yule kijana hakulijua hilo, nyanya hakulijua, na aliyepelekewa habari, kama alilijua, hakulitamka. Ningependa tuitazame historia ya sheria hizi kwa utulivu, tangu zamani sana hadi hapa petu, tukiuliza swali moja: katika kila zama, sheria ilimshika nani? Ilimshika anayetuhumiwa au anayetuhumu?

Sheria ya zamani inayojulikana sana katika jambo hili ni ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, takriban miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Katika orodha yake ndefu, uchawi ni kifungu cha pili kabisa. Mtu akimtuhumu mwenzake kwa uchawi bila kuthibitisha, mtuhumiwa huenda mtoni na kujitosa. Mto ukimchukua, mtuhumu huirithi nyumba yake. Akitoka salama, mtuhumu huuawa, na nyumba yake ndiyo inayochukuliwa na yule aliyesingiziwa. Hatuwezi kuusifu mto kuwa hakimu, lakini angalieni jinsi nyumba ilivyotajwa wazi. Watu wa Babeli walikwisha kuona kwamba nyuma ya tuhuma ya uchawi mara nyingi kuna mtu anayeitazama nyumba ya jirani yake, na kwa hiyo wakahakikisha kwamba anayeitamani nyumba ya mwenzake anaiweka rehani ya kwake. Shamba la nyanya yangu lilichukuliwa bila mtu yeyote kuweka rehani chochote.

Maalim wa Kibokoni

Wa alaykumus-salaam, mzee wetu. Kabla hujavuka bahari kwenda Ulaya, niruhusu niongeze la upande wetu, kwa sababu watu wengi hapa mjini hudhani kwamba dini imemruhusu kila mtu kumnyooshea mwenzake kidole.

Uchawi katika Uislamu ni dhambi kubwa, miongoni mwa yale mambo saba yenye kuangamiza aliyoyataja Mtume, na Aya ya 102 ya Suratul Baqara inaeleza habari za Harut na Marut huko Babeli, hiyo hiyo Babeli uliyoitaja. Lakini aya hiyo yenyewe inasema kwamba hawawezi kumdhuru mtu yeyote kwa uchawi wao ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Maimamu walihitilafiana juu ya adhabu. Wengine, kama Imam Malik, walikuwa wakali sana. Imam Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo yanayofuatwa na wengi wa watu wa pwani hii, hakuona kwamba mchawi auawe kwa uchawi peke yake isipokuwa uchawi wake una ukafiri ndani yake, au amekiri kwamba ameua kwa uchawi huo.

Na hapa pana nukta ambayo ningependa kila kijana wa Mombasa aisikie. Katika fiqhi ya Shafii, kama alivyoiandika Imam Nawawi, kuua kwa uchawi huthibiti kwa kukiri kwa mwenyewe, wala hakuthibiti kwa ushahidi. Sababu yake ni nyepesi kuieleza: shahidi hushuhudia aliloliona, na hakuna aliyeona nia ya mtu ikitoka kifuani mwake ikamwingia mwingine mwilini. Watu mia moja wakija kwa kadhi wakaapa kwamba bibi fulani amemuua mtoto kwa uchawi, viapo vyao mia havifiki mahali. Basi aliyesema katika matanga kwamba "wote wanajua" hakuwa na ushahidi wowote, si mbele ya serikali wala mbele ya fiqhi.

Karani Mstaafu

Allah akujaze kheri, Maalim. Umenipa jambo ambalo sikuwa nalo, na naliona ndilo lililo karibu zaidi na swali langu.

Ulaya nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana. Wengi hufikiri kwamba Wazungu walianza kwa kuchoma wachawi kisha wakaelimika, lakini safari haikunyooka hivyo. Karibu mwaka 785, Charlemagne alipokuwa akiwatawala Wasaksoni, aliweka sheria kwamba mtu atakayemchoma mwenzake kwa imani ya kipagani kwamba huyo ni mchawi anayekula watu, huyo mchomaji ndiye auawe. Ni miaka 700 baadaye, mwishoni mwa karne ya 15, ndipo mambo yalipogeuka: Papa Innocent wa Nane alitoa waraka mwaka 1484 wa kuwaunga mkono wasaka wachawi, vitabu vya kuwafundisha mahakimu namna ya kuwahoji vikachapishwa kwa ile mashine mpya ya kupigia chapa, na mateso yakaruhusiwa ili kupata ungamo. Wanahistoria wengi leo wanakadiria kwamba waliouawa katika karne tatu zilizofuata walikuwa kati ya 40,000 na 60,000, na wengi wao walikuwa wanawake. Anna Göldi alikatwa kichwa huko Glarus, Uswisi, mwaka 1782, na jimbo hilo halikumsafisha jina hadi mwaka 2008.

Maalim ametuambia kwamba kwa Imam Nawawi ungamo la mtu ndilo peke yake linalothibitisha. Mahakama za Ulaya nazo zilithamini ungamo, ila wao waliligeuza kuwa kitu cha kukamuliwa kwa kamba na chuma. Hapo ndipo ninapoona tofauti kati ya sheria inayotaka ungamo ili isimdhulumu mtu na sheria inayotaka ungamo ili iridhike.

Sheria inayotuhusu sisi ni ya Uingereza. Bunge lao lilipitisha sheria dhidi ya uchawi mwaka 1542, likaifuta mwaka 1547, likatunga nyingine mwaka 1563 na nyingine kali zaidi mwaka 1604. Kisha mwaka 1735, chini ya Mfalme George wa Pili, likafanya jambo ambalo matokeo yake bado yanatufikia hapa Mombasa. Lilifuta sheria zote za kuwaua wachawi na kutamka kwamba kuanzia hapo hakuna atakayeshtakiwa kwa *kuwa* mchawi. Kosa jipya lilikuwa *kujifanya* una nguvu za uchawi, na adhabu yake kifungo cha mwaka mmoja pamoja na kusimamishwa hadharani kwa aibu mara nne katika mwaka huo. Mchawi alitoka mahakamani kama mwuaji, akarudi kama tapeli. Sheria hiyo ilidumu kuliko inavyodhaniwa: mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili, Helen Duncan, mwanamke aliyedai kuzungumza na wafu, alihukumiwa kifungo cha miezi tisa mjini London kwa sheria hiyo ya 1735. Ilifutwa mwaka 1951.

Wakili wetu mmoja amenitumia ujumbe wa faragha akiniuliza ni vipi basi sheria ya Kenya ikawa kama ilivyo. Namwomba aulize hapa hadharani ili wote wafaidike.

Wakili Chipukizi

Shikamoo mzee. Nimekuja. Swali langu ni hili: ikiwa Waingereza walikuwa wamekwisha kuamini tangu 1735 kwamba uchawi ni utapeli, kwa nini sheria waliyotuletea inatoza hadi miaka kumi jela kwa mtu anayemfundisha mwenzake jinsi ya kuroga? Utapeli wa kawaida hauadhibiwi hivyo.

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Umegusa penyewe.

Sheria ya kwanza dhidi ya uchawi katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya ilitungwa mwaka 1909, ikabadilishwa mwaka 1918, kisha ikaandikwa upya mwaka 1925, na hiyo ya 1925 ndiyo tuliyo nayo hadi leo, ikiwa na marekebisho madogo. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba ina mioyo miwili. Moyo mmoja ni wa 1735: husema "kinachoitwa uchawi", husema "anayejifanya", kana kwamba mwandishi hataki kabisa kukubali kwamba kuna kitu kama hicho duniani. Moyo wa pili unaogopa. Unaadhibu kwa miaka kumi kumshauri mtu namna ya kudhuru watu au mifugo kwa uchawi, unaadhibu kumiliki vifaa vya kutishia watu ambavyo mwenyewe hawezi kuvitolea maelezo, na unampa mkuu wa wilaya uwezo wa kumchunguza mtu anayeshukiwa na kumwamuru akae mahali fulani. Sheria isiyoamini kitu haikipangii ulinzi wa namna hiyo.

Maoni yangu, na yeyote aweza kunisahihisha, ni kwamba hofu ile haikuwa ya uchawi wenyewe. Watawala waliogopa mamlaka wasiyoyashika mkononi. Kumbukeni yaliyotokea hapa nyuma yetu, kwa Wagiriama, mwaka 1913. Mekatilili wa Menza aliwaita watu wakale kiapo cha kutowapa Waingereza vibarua wala kodi, wanawake kwa kiapo cha *mukushekushe* na wanaume kwa kiapo cha *fisi*. Serikali ilimkamata na kumpeleka mbali kwenye nchi ya Kisii, na mwaka 1914 ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya si mahali pa uchawi, jamani. Ni mahali pa wazee, pa sala na pa maamuzi. Lakini serikali iliyosema kwamba nguvu hizo ni uongo ilibeba baruti hadi msituni kuzivunja.

Na hapo ndipo ugumu wangu wa ukalimani ulipozaliwa. Pwani hii ina maneno mengi kwa mambo mengi: kuna mganga wa dawa za mitishamba, kuna mpiga ramli, kuna mwenye kupunga pepo, kuna maalim anayeandika kombe na hirizi, kuna mzee wa kiapo, na mbali nao wote kuna mchawi, ambaye hakuna anayemwajiri wazi wala kumtambulisha kwa wageni. Kwa Mijikenda, mganga ndiye adui wa mutsai, kama polisi alivyo adui wa mwizi. Sheria ilipokuja na neno lake moja iliwaweka polisi na mwizi katika seli moja. Matokeo yake, wazee waliokuwa wakiamua tuhuma hizi kwa viapo vyao vya *kiraho*, kwa shoka lililotiwa moto au kwa papai, nao wakawa wahalifu, kwa kuwa sheria inakataza pia kumtambua mkosaji kwa njia hizo. Sizitetei njia hizo, kwa maana shoka la moto linaweza kumwunguza asiye na hatia. Lakini zilikuwa na jambo moja ambalo ghadhabu ya usiku haina: mtuhumiwa aliitwa, akasimama mbele ya watu, na jambo likawa na mwisho. Serikali ilifunga mlango huo, kisha haikuufungua mlango wake yenyewe, kwa sababu mtu akienda mahakamani kulalamika kwamba amerogwa huambiwa kwamba hakuna kesi.

Mwana wa Mazeras

Mzee, nimekusoma kwa heshima, na sitatukana mtu. Lakini nina jambo la kusema. Ndugu yangu alifariki akiwa na miaka 26, mzima wa afya, siku chache baada ya kugombana na mtu juu ya mpaka wa shamba, na yule mtu alimwambia mbele ya mashahidi kwamba hatauona mwezi mpya. Tulienda kituoni. Tukaulizwa kama kuna jeraha, tukasema hakuna. Tukaulizwa kama kuna sumu, hospitali ikasema hakuna. Tukarudi nyumbani. Ninyi wa mjini mnaona ni rahisi kusema kwamba tuhuma ndiyo kosa. Sisi tuliozika tunauliza: na yule aliyetisha?

Karani Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na akupe subira. Swali lako ni la haki na halipaswi kupuuzwa na mtu yeyote aliye katika uzi huu.

Aliyetisha ana kesi ya kujibu, tena hata kwa sheria hii hii. Kifungu cha pili kinamshika kila anayejidai kuwa na nguvu za namna hiyo ili kumtia mwenzake hofu au madhara ya moyo, ya mwili au ya mali. Mtu aliyemwambia ndugu yako mbele ya mashahidi kwamba hatauona mwezi mpya, kwa maana ya kumroga, alitenda kosa siku ile ile, kabla ya msiba wowote. Hakuhitajika kuthibitishwa kwamba uchawi umeua. Kilichohitajika ni kuthibitishwa kwamba tishio lilitolewa, na mashahidi mlikuwa nao. Nasikitika kwamba hamkuambiwa hivyo mlipokwenda.

Lakini tofautisha kati ya huyo aliyetisha kwa kinywa chake na bibi kizee asiyesema neno, ambaye kosa lake ni mvi na macho yaliyoharibiwa na moshi. Historia yetu imejaa damu ya huyo wa pili. Mwaka 1931, huko Ukambani, mwanamke aitwaye Mwaiki alishutumiwa kumroga mke wa jirani, na kundi la wanaume likamwua kwa fimbo kwa utaratibu wa kale wa *king'ole*. Wanaume 70 walifikishwa mahakamani. Mwanzoni mwa 1932, Mahakama Kuu iliwahukumu kifo wanaume 60 kwa mpigo, na baada ya rufaa kushindwa, gavana akaibadilisha adhabu kuwa kifungo. Kesi ile ilisomwa hadi London, na wapo waliosema kwamba sheria ndiyo iliyowafikisha watu pale, kwa kuwa haikuwapa njia ya kupeleka hofu yao. Naweza kuukubali ukweli wa hoja hiyo bila kusahau kwamba Mwaiki hakuwa na rufaa.

Mahakama za Afrika Mashariki zilihangaika na jambo hili kwa miaka. Mwaka 1941, katika kesi ya Fabiano Kinene kutoka Uganda, mtu alikutwa usiku akitambaa uchi katika boma la wenzake, akauawa. Mahakama ya rufaa ilikubali kwamba imani ya uchawi pamoja na tendo lile vilikuwa uchokozi wa ghafla, ikashusha kosa kutoka mauaji ya kukusudia. Lakini mwaka 1951, katika kesi ya Eria Galikuwa, mahakama hiyo hiyo ikaweka mpaka: kuamini kwa dhati kwamba unarogwa hakutoshi, lazima pawe na tendo lililofanywa mbele yako linaloweza kuamsha hasira ya ghafla. Kuna hekima katika mpaka huo. Mtu anayekaa siku tatu akinoa panga hana ghadhabu ya ghafla.

Wakili Chipukizi

Mzee, kwa heshima zote, mimi ningependa sheria hii ifutwe yote. Katiba yetu ya 2010 inalinda uhuru wa dini na imani katika kifungu cha 32, na kosa lisiloweza kuelezwa wazi halipaswi kuwa kosa. Uganda walionyesha njia: katika kesi ya Salvatori Abuki, mtu aliyefungwa kwa uchawi kisha akapewa amri ya kutorudi nyumbani kwake kwa miaka 10, Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 1997 kwamba amri hiyo ni ya kikatili na inamnyima mtu riziki, na Mahakama ya Juu ikakubali. Papua New Guinea nao waliifuta Sheria yao ya Uchawi mwaka 2013, baada ya mama kijana, Kepari Leniata, kuchomwa moto mbele ya umati.

Karani Mstaafu

Hoja yako ina nguvu, na amri ya kumfukuza mtu kwao ni jambo ambalo familia yangu inalijua bila kusoma kesi. Lakini nakuomba uangalie jambo moja kabla ya kushika kalamu nyekundu. Ukiifuta Sura ya 67 yote, utafuta pia kifungu cha sita, na hicho ndicho kifungu pekee kinachomtaja mtuhumu kwa jina la kosa lake. Ghana imekwenda upande mwingine. Baada ya bibi wa miaka 90, Akua Denteh, kupigwa hadi kufa sokoni Kafaba mwaka 2020, Bunge lao lilipitisha mswada mwaka 2023 wa kukataza kumtangaza mtu kuwa mchawi. Rais wa wakati ule hakuutia saini. Sisi tunacho tayari kile ambacho wao walikuwa wakikitafuta, tangu 1925, nacho kimelala kabatini.

Wala si kwamba haja haipo. Mwezi Oktoba 2021, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kuchomwa huko Kisii kwa tuhuma hizi. Hapa karibu yetu, Ganze, kuna makazi ya Kaya Godoma ambako wazee waliotishiwa kuuawa na jamaa zao hukimbilia. Nawaomba mliosoma sheria mwatembelee. Mwulizeni kila mmoja ana shamba la ekari ngapi na ni nani analilima sasa.

Na sisi wenyewe tumewahi kuwashangilia watuhumu. Mwaka 1966, Tsuma Washe, aliyejulikana kama Kajiwe, alipita vijijini mwa Mijikenda akiwafichua waliodaiwa kuwa wachawi, na umati ukamfuata. Wapo waliofarijika, kwa kuwa hofu yao ilipata jina. Wapo pia walioishi na jina hilo hadi kaburini.

Mwana wa Mazeras

Nimekuelewa, mzee. Nilikuwa sijui kuhusu kifungu cha pili wala cha sita. Hakuna aliyewahi kutusomea. Kama kipo, kiandikwe kwa lugha tunayoielewa, tukisome sisi wenyewe.

Karani Mstaafu

Ombi lako ni la haki, na ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, basi nitaifanya mara moja zaidi bila kulipwa. Haya hapa ni maana ya vifungu viwili kwa Kiswahili changu. Si tafsiri rasmi, na Wakili atanirekebisha nikikosea. Yeyote anayetaka aweza kuyanakili, kuyafasiri kwa Kigiriama, Kiduruma, Kirabai au Kidigo, na kuyabandika msikitini, kanisani au kwenye ukuta wa chifu. Ningefurahi zaidi kama yangesomwa katika matanga, baada ya dua na kabla ya watu kuanza kuulizana ni nani.

*Kifungu cha pili.* Mtu yeyote anayejitangaza kuwa aweza kwa nguvu za uchawi kumtia mwingine hofu, usumbufu au madhara, ya moyo, ya mwili au ya mali, au anayejifanya kutumia nguvu hizo kwa kusudi hilo, ametenda kosa, na aweza kufungwa hadi miaka mitano.

*Kifungu cha sita.* Mtu yeyote anayemtuhumu mwenzake kuwa ni mchawi au kwamba anafanya uchawi, au anayetishia kumtuhumu hivyo, ametenda kosa, na aweza kufungwa hadi miaka mitano. Kifungu hiki hakimhusu mtu aliyepeleka lalamiko lake kwa ofisa wa utawala, polisi, chifu au mwenye mamlaka mwingine.

Mahali pa "mchawi" katika kifungu cha sita, ndugu zangu wa Kigiriama waandike *mutsai*. Hapo neno ni hilo hilo, na sikuwahi kulitilia shaka.